Gurudumu la kuzunguka "milele": litengeneze kwa ringi ya baiskeli, afu ujiandae na wabishi

Nianze na ukweli ili baadae nisilaumiwe: gurudumu hili halitazunguka milele. Litasimama. Langu lilisimama, lako litasimama, na ya wote waliowahi kujaribu kuanzia karne ya 12 huko India nayo yalisimama. Sasa utasema we jamaa mbona watufundisha kitu ambacho wajua hakifanyi kazi, na mi nasema tengeneza kwanza ndo tuongee, maana kuna jambo utaliona hapo ringi ikiwa mkononi mwako ambalo mtu akikwambia kwa mdomo haliingii. Afu jingine, hapa Tanga hakuna burudani ya bei rahisi kama kuwaona wazee wa kahawa wakigombania ringi kuukuu.

Mi nipo Ngamiani. Mji wetu tambarare na baiskeli ni nyingi mno, kwa hiyo ringi sio kitu cha kuumiza kichwa, zipo juu ya mabanda, zipo uvunguni, nyingine watoto wanazikimbiza na kijiti barabarani. Nilianza kama wengi wanavyoanza, video kwenye simu, gurudumu la mbao lenye nyundo pembeni linazunguka lenyewe, muziki mkubwa, nyuma ya gurudumu hawaonyeshi. Nikaamini. Tena niliamini kabisa, nikaanza kupiga hesabu nitaacha kununua luku mwezi gani.

Vitu vya kutafuta

Ringi ya mbele ya baiskeli ya inchi 28, zile baiskeli kubwa za kizamani, ije na habu yake, yaani kile kitovu cha katikati, na ekseli yake. Nasema ya mbele kwa sababu ya nyuma ina friwili, yale meno ya mnyororo, na friwili itakusumbua bure. Tairi na tyubu vua, hatuvitaki. Mbao mbili za mbili kwa nne urefu wa mita moja na kitu, na mbao nyingine za kutengenezea kitako. Bawaba ndogo nane, zile za vikabati. Vibao vinane vya urefu wa sentimita 15. Kamba nyembamba, misumari, skrubu, chaki, oili ya cherehani, mafuta ya taa kidogo, na kilo moja ya sukari. Sukari nitakwambia ni ya nini.

Na uzito. Hapa ndo uzuri wa kukaa pwani, nenda Deep Sea kwa wavuvi uulizie chubwi, zile za risasi za kufungia mshipi, chukua nane za kama gramu 100 kila moja. Usiamini macho yako kuhusu uzito, mi nilizipeleka kwa sonara akanipimia kwenye mzani wake wa dhahabu, akacheka sana, akaniuliza natengeneza mkufu wa nani, lakini alinipimia na ilionekana nyingine zimezidiana gramu 8 mpaka 10, hiyo ni tofauti kubwa kwa kazi hii. Kwangua kwa tupa iliyozidi mpaka zilingane. Risasi ni sumu, kwa hiyo ukimaliza nawa mikono vizuri na ule unga wake usiuache watoto wanapochezea.

Ukisoma soma mambo haya utakutana na michoro ya Mhindi anaitwa Bhaskara, yeye ndo wa hiyo karne ya 12 niliyoitaja, gurudumu lake lilikuwa na vijiti vyenye uwazi ndani vimejazwa zebaki nusu, zebaki ikitiririka upande mmoja gurudumu lizidiwe lizunguke. Usijaribu zebaki. Najua machimboni inapatikana, usiiguse, mvuke wake unaharibu mwili polepole na hutaiona. Sisi tunafuata njia ya Mfaransa Villard de Honnecourt wa karne ya 13, yeye alichora nyundo zimening'inizwa pembeni ya gurudumu. Nyundo zetu ndo hizo chubwi.

Stendi na goroli

Watu wanakimbilia mikono na uzito, hapa kwenye stendi wanalipua. Kosa kubwa sana. Stendi ikitikisika hata kidogo basi kila mzunguko unaitikisa, na nguvu ya kuitikisa inatoka kwenye gurudumu lako. Kitako kiwe kipana, weka juu yake tofali mbili au jiwe, zile mbao mbili zisimame wima, kata mfereji juu ya kila moja ekseli ikae humo ikazwe na nati zake. Tumia pimamaji, kama huna basi sahani yenye maji itakuonyesha kama kitako kimelala sawa.

Sasa habu. Fungua koni, zile nati zinazobana goroli, toa goroli zote uziweke kwenye kifuniko cha ndoo zisikimbie, habu ya mbele kwa kawaida ina kumi kila upande, mi ya kwangu ilikuwa na kumi upande mmoja na nane upande wa pili na fundi aliyeifunga mwanzo sijui alikuwa anawaza nini. Osha kila kitu kwa mafuta ya taa mpaka grisi yote itoke. Yenye kutu au iliyochubuka badilisha, goroli ni hela ndogo. Ukirudisha usitie grisi, tia matone mawili ya oili ya cherehani basi. Grisi ni nzito, ni nzuri kwa baiskeli ya kubebea mzigo, lakini hapa inashika. Kaza koni taratibu mpaka ringi iache kucheza kushoto kulia, hapo hapo simama, ukizidisha robo mzunguko tu umeharibu. Na ringi hii usije ukairudisha kwenye baiskeli hivo hivo bila grisi, goroli zitaliwa upesi.

Kisha nyoosha ringi kwa kukaza spoku, kama hujui mpe fundi baiskeli yeyote.

Baada ya hapo sawazisha. Izungushe polepole iache isimame yenyewe, tia alama ya chaki sehemu iliyo chini kabisa. Rudia mara kumi. Alama zikija sehemu ile ile maana yake pale ni pazito, funga kipande cha waya upande wa pili. Ukifika mahali ringi inasimama popote inapojisikia, umemaliza. Mi ilinichukua jioni mbili na nilikaribia kuacha. Sehemu ya valvu ndo ilikuwa inanisumbua, kumbe nilisahau kuna kipande cha tyubu kimebaki.

Kilo ya sukari

Kabla hujafunga mkono wowote pima kwanza ringi tupu. Na usiizungushe kwa mkono, mkono unadanganya, siku ambayo unataka gurudumu lishinde unasukuma kwa nguvu zaidi na wala hujui kama umefanya hivo. Chukua kamba, mwisho mmoja fanya kitanzi ukiingize kwenye skrubu ndogo uliyoacha imechomoza pembeni ya ringi, zungushia kamba kwenye ringi, mwisho wa pili funga kilo ya sukari. Iachie ishuke mita moja kamili. Ikifika chini kitanzi kinachomoka chenyewe, gurudumu linaendelea. Hapo kila safari umelipa gurudumu nguvu ile ile. Kilo moja ikishuka mita moja inatoa karibu jouli 10, jouli ndo kipimo cha nguvu, weka namba hiyo kichwani tutaihitaji.

Washa saa ya simu sukari inapogusa chini, zima gurudumu linapotulia kabisa. Mara tatu, chukua ya katikati. Andika kwenye daftari, andika tarehe, andika na hali ya hewa. Hilo daftari lina faida kuliko gurudumu lenyewe.

Yangu yalikuwa hivi. Ringi yenye grisi ya zamani dakika 1 na sekunde 25. Ile ile baada ya kuosha na oili ya cherehani dakika 4 na sekunde 20, nilipiga kelele mpaka mama akatoka jikoni, ndo akagundua sukari yake ipo wapi. Afu nikafunga zile chubwi nane kwenye ringi kwa waya, zimekazwa hazichezi, nikapata dakika 6 na sekunde 10. Uzito ukikaa pembeni ya ringi gurudumu linakuwa bishi kuanza na bishi kusimama.

Sasa mikono yenyewe

Gawa ringi mafungu nane sawa. Kila fungu funga bawaba, kwenye bawaba funga kibao, mwisho wa kibao funga chubwi. Ringi ya chuma itoboe kwa drili ya umeme ya taratibu na valia miwani. Bawaba ielekee upande mmoja zote, ili kibao kikiwa upande wa gurudumu unaoshuka kianguke nje kinyooke, na kikiwa upande unaopanda kilale juu ya ringi. Weka kizuizi, msumari tu unatosha, kibao kisipitilize upande wa pili. Vibao vikae wima wima, visilale mshazari. Hilo la mshazari nitalirudia maana liliniaibisha.

Ukimaliza kulitazama linashawishi kweli. Upande huu mikono imenyooka imebeba uzito mbali, upande ule imejikunja, yaani hata mtoto wa chekechea atakwambia linaenda upande huu. Leonardo da Vinci mwenyewe alichora ya aina hii kadhaa, ingawa yeye alishtuka mapema akaona hayaendi.

Haya, funga sukari, achia.

Kwangu ilikuwa hivi na nadhani kwako itakuwa hivo hivo. Mwanzoni linakwenda kasi, na ukiangalia vizuri mikono yote nane imenyooka nje, ya juu na ya chini, hakuna inayojikunja. Kasi inaitupa nje. Kwa hiyo wakati linakwenda vizuri ule ujanja wako wote haufanyi kazi hata kidogo, ni gurudumu la kawaida lenye mikono mirefu inayopiga upepo. Likipungua mwendo mikono inaanza kuanguka, ta! ta! ta! ta!, na hapo ndo unasema sasa ndo linaanza kujizungusha. Kinyume chake. Tangu ile ta ya kwanza langu lilienda mizunguko minne, la tano halikumaliza, likayumba mbele na nyuma kama pembea, likatulia. Jumla dakika 1 na sekunde 40. Chubwi zile zile, ringi ile ile, oili ile ile, zilipokuwa zimekazwa zilikwenda dakika 6 na sekunde 10.

Soma hizo namba tena. Gurudumu la "milele" lilisimama kabla ya gurudumu la kawaida kufika hata theluthi ya safari yake.

Kwa nini? Lisimamishe uhesabu chubwi. Mara nyingi upande unaoshuka utakuta chubwi chache, zimekaa mbali, upande unaopanda utakuta nyingi, zimekaa karibu. Ni ule ubao wa watoto wa kupanda na kushuka, mtoto mmoja amekaa mwisho kabisa na wenzake wawili wamekaa karibu na katikati, ubao unalala sawa. Macho yanaangalia umbali yanasahau idadi. Na hata ukibadilisha bawaba, ukaweka mikono kumi na mbili, ukaweka springi, kila chubwi lazima irudi pale pale ilipoanzia, na kimo ilichoshuka ndo kimo itakachopanda, ilichotoa wakati wa kushuka inakidai chote. Hapo tungetoka sare. Lakini ile ta! inalipwa na nani? Sauti ni nguvu imeondoka, msumari ukipata moto ni nguvu imeondoka. Ndo maana lenye kelele linasimama mapema.

Jaribu pia kuangalia linasimama wapi. Ringi tupu iliyosawazishwa inasimama popote, hili la mikono lina sehemu nane tu linazozipenda.

Siku niliyokuwa tajiri kwa dakika arobaini

Nimesema vibao visilale mshazari. Toleo langu la kwanza bawaba nilizifunga haraka haraka, vibao vyote vikalala kidogo upande mmoja, sikujali. Nikalitoa barazani saa tisa alasiri, mwezi wa saba, kusi inavuma kutoka baharini. Nikalizungusha kwa mkono. Likazunguka dakika tano, kumi, ishirini. Watu wakajaa. Muuza kahawa akasimamisha dele lake hapo hapo akauza kikombe mpaka kikombe. Mzee mmoja jirani, kila siku ananiambia nitafute kazi ya maana, akaniita "injinia" mbele za watu. Dakika arobaini!

Afu akapita mwalimu mstaafu wa fizikia na kapu lake la sokoni. Hakusema kitu cha sheria wala cha vitabu. Alisimama akatazama, akalamba kidole akakinyanyua juu, akauliza kwa upole, "Mwanangu, hebu liingize ndani ufunge dirisha."

Tukaliingiza. Likasimama kabla sijamaliza kufunga dirisha la pili.

Nilikuwa nimetengeneza feni. Feni ya kurudi nyuma, inayozungushwa na upepo, na vile habu ilikuwa laini basi upepo kidogo tu ulitosha. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikamfuata kwake, shikamoo mwalimu, naomba unisaidie kupima, na tangu hapo daftari langu nusu ya maandishi ni ya mwandiko wake. Yeye ndo aliyenifundisha ile ya kilo ya sukari.

Kwa hiyo wabishi. Watakuja, na sio wa aina moja.

Wa kwanza ni wale wa "kuna betri humo." Usigombane nao. Wape bisibisi wafungue wenyewe. Kuna Mmarekani, Charles Redheffer, mwaka 1813 alikuwa na mashine yake New York watu wanalipa kuiona, akaja fundi Robert Fulton, yule wa meli za mvuke, akasikiliza mlio akaona hauendi sawasawa, unakwenda kama kitu kinachozungushwa na mkono wa mtu. Akabandua mbao za ukutani, akakuta kamba ya utumbo imepita mpaka chumba cha juu, na huko juu mzee mmoja amekaa anazungusha mpini. Sasa mbishi wako akitaka kubandua, mwache abandue. Ukimzuia hata kama huna kosa umeshashindwa. Mjerumani Johann Bessler yalimkuta hayo. Mwaka 1717 gurudumu lake lilifungiwa kwenye chumba cha kasri huko Kassel, mlango ukapigwa muhuri, baada ya wiki kadhaa wakafungua wakalikuta linazunguka, lakini ndani yake hakutaka mtu aone mpaka alipwe hela nyingi kwanza. Profesa mmoja alipolichunguza kwa nje tu, Bessler akapandwa na hasira akalivunja. Baadae mtumishi wake wa kike akasema walikuwa wanalizungusha kutoka chumba cha pili, na mpaka leo wapo wanaombishia huyo mtumishi.

Wa pili ni wa "huo uchawi". Hao waache washike, wazungushe, wakae nalo. Kwetu huku usicheke ukadhani ni utani, mama alikuwa na wasiwasi kabisa, kwa hiyo gurudumu liwe mahali peupe na lionekane pande zote.

Wa tatu ni wa maswali, na hao ndo wazuri, ila watakutoa jasho. Kijiweni mmoja aliniuliza, "Mbona Hale maji yazungusha mitambo tangu mwaka 1964 na hayasimami?" Swali zuri sana, nikakosa jibu siku hiyo. Jibu ni kwamba maji ya mto Pangani hayajipandishi mlimani yenyewe, jua ndo linayachukua baharini kuyafanya mawingu, yananyesha huko Kilimanjaro na Meru, yanateremka. Jua likilipa mvua tunapata umeme wa Hale, mitambo iliyojengwa kutoa megawati 21, na wa mtambo mpya wa Pangani kule chini, uliojengwa kutoa 68, mvua ikikata wote mnajua yanayotukuta. Mwingine akarukia, mvuvi huyo, "Na maji kujaa na kupwa je? Bamvua nani aliilipa?" Mwezi na mzunguko wa dunia, na vinalipia kweli, siku zinarefuka karibu milisekunde mbili kila miaka 100 na mwezi unatukimbia kama sentimita 3.8 kila mwaka. Yaani hata gurudumu kubwa kama dunia nalo linakula breki. Hapo kijiwe kilinyamaza, mara ya kwanza naona.

Kuna na wale wa vitabu watakwambia wanasayansi walishafunga mjadala, na ni kweli, akademia ya sayansi ya Paris iliamua tangu mwaka 1775 kwamba haitapokea tena mapendekezo ya mashine hizi. Mwambie sawa, shika kamba hii upime na wewe.

Lakini nikwambie wabishi hawakunisumbua kama walivyonisumbua wanaoamini.

Baada ya ile siku ya upepo alikuja jamaa mmoja na shati safi, kalamu mfukoni, anataka tuunde kikundi, watu wachange laki laki, tufunge mota, mota izungushe dainamo, dainamo ilishe mota, kinachobaki tuuze umeme. Nikamwambia kaka lilikuwa ni upepo. Akanikonyeza. Anadhani naficha siri! Ukisema ukweli mtu wa namna hiyo anazidi kuamini. Huko Philadelphia John Keely alikusanya hela za watu kwa miaka zaidi ya 20 akiwaahidi mota ya ajabu, alipokufa mwaka 1898 wakafumua nyumba yake wakakuta tufe kubwa la chuma chini ya sakafu, inaonekana lilikuwa la kuwekea hewa ya kushindiliwa. Kwa hiyo usipokee hata buku ya soda kutoka kwa mtu anayeamini gurudumu lako. Hata akikulazimisha.

Kumtuliza nilifanya hivi, na we fanya hivi hivi mbele za watu. Chukua dainamo ya baiskeli, ile ya volti 6 wati 3, ifunge stendi iguse ringi, unganisha taa yake. Achia sukari. Taa ikipepesa basi shukuru, gurudumu linasimama hapo hapo kama limeshikwa shingo. Sasa ile namba ya jouli 10 itoe mfukoni. Wati moja ni jouli moja kila sekunde. Kilo yako ya sukari iliyoshuka mita moja, hata isipotee chochote njiani, inawasha taa ya nyumbani ya wati 5 kwa sekunde mbili. Mbili! Jamaa alitazama taa, akatazama kilo ya sukari, akaniuliza tukiweka gunia je. Nikamwambia gunia la kilo 50 litakupa sekunde 100, afu wewe ndo utalipandisha tena juu kwa mabega yako. Hajarudi.

Mikono niliing'oa mwezi wa tisa, bawaba nikazirudisha kwenye kabati la mama nilikozitoa, sikuwa nimemwambia. Zilibaki chubwi zimekazwa kwenye ringi na dakika zangu 6 na sekunde 10 zimeandikwa ukutani kwa chaki, basi fundi baiskeli wa jirani akaziona akasema hizo dakika ni za mtoto, akaleta ringi yake na kilo yake ya sukari. Akapata 7 na nusu. Nikabadilisha goroli zote nikamfikia. Mwalimu akaweka sheria, ndani ya chumba, dirisha limefungwa, kilo moja, mita moja, uzito wa kuongeza kwenye ringi usizidi kilo mbili. Sasa hivi Ijumaa baada ya alasiri barazani kwetu kuna foleni ya ringi, muuza kahawa anakuja mwenyewe bila kuitwa. Rekodi ni dakika 11 na sekunde 20, ya kijana mmoja wa Makorora, na anakataa kutuambia anatia oili gani.